Bwana Hill na Deni la Pumzi

Wapenzi wa michezo mmekwisha kumwona mkimbiaji akimaliza mbio: ameinama, mikono magotini, anahema ilhali miguu imekwisha tulia. Kazi imeisha, mbona pumzi haishi? Mtu aliyelichimbua swali hili ni Mwingereza Archibald Vivian Hill, na leo napenda niwasimulie habari zake.

Alizaliwa Bristol mwaka 1886. Baba aliiacha nyumba yeye akiwa mdogo, akalelewa na mama. Huko Cambridge alisoma hisabati, akatoka wa tatu katika mtihani mkubwa. Mwalimu wake, Walter Fletcher, akamshauri aingie katika elimu ya kazi za mwili. Akaingia, lakini hisabati yake hakuitupa. Kwa vyombo vya umeme alipima joto linalotoka msuli wa chura unapojikunja, joto dogo lisilofika sehemu moja ya mia ya digrii. Mjerumani Otto Meyerhof naye alikuwa akichunguza kemia ya msuli. Wawili hao waligawana tuzo ya Nobel ya mwaka 1922.

Hill mwenyewe alikuwa mkimbiaji. Mjini Manchester alikimbia na mfuko mgongoni wa kukusanyia pumzi aliyoitoa, kisha hewa ile ikapimwa. Alieleza kwamba anayekimbia kwa kasi hutumia nguvu kuliko oksijeni anayoweza kuvuta wakati ule. Hukopa, kama sisi tunavyokopa dukani, na kule kuhema baadaye ndiko kulipa. Tena kila mtu ana kipeo chake cha oksijeni asichoweza kukipita. Mwaka 1927, huko Cornell, Marekani, aliwavalisha wakimbiaji sumaku, wakapita kando ya nyaya zilizoandika mwendo wao.

Waliomfuata walirekebisha maelezo yake kuhusu deni hilo, lakini kipeo cha oksijeni hupimwa na wataalamu wa michezo hata leo.

Mimi namheshimu zaidi kwa jambo jingine. Mwaka 1933, utawala wa Hitler ulipowafukuza kazini wataalamu Wayahudi, Hill alikuwa miongoni mwa walioanzisha baraza la kuwasaidia huko London. Mwaka 1935 alimpokea katika maabara yake kijana Bernard Katz, aliyekuja kupata Nobel mwaka 1970. Meyerhof naye, Myahudi, aliikimbia Ujerumani mwaka 1938. Hill alifariki mwaka 1977, mwenye umri wa miaka 90.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Swali la pumzi lilihitaji hisabati, umeme, kemia na miguu ya mkimbiaji. Basi kocha wetu anapoona kijana anachoka mapema, asimwite mvivu kwanza. Amwulize tabibu, aangalie chakula chake, apime saa na mwendo. Huenda kijana hana uvivu wowote. Ana deni tu.