Mirambo, mtemi aliyejua kupandisha dau

MWAKA 1871 msafara wa Waarabu uliotoka Tabora kwenda Ujiji ulikwama njiani. Mirambo, mtemi wa Uyowa, alitaka hongo: mapipa matano ya baruti, bunduki tano na marobota matano ya vitambaa. Wakalipa. Alipokwisha kupokea, akawaambia njia imefungwa, warudi walikotoka.

Jamaa alizaliwa miaka ya 1840 hivi, mtoto wa mtemi Kasanda, akiitwa Mbula Mtyela. Nchi aliyorithi ilikuwa ndogo tu. Mirambo ni jina la vita, na kwa Kinyamwezi linahusu maiti. Mtu akijiita hivyo, ujue hana utani. Mbinu za vita alijifunza kwa Wangoni, akakusanya vijana wa ruga-ruga, akawa anameza majirani mmoja mmoja.

Tabora ikajibu kwa jeshi, na Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, akajiunga nalo. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Zimbizo ikaanguka, kisha kijana Soud bin Said akaiteka Ulyankulu na kutoka na shehena ya pembe za ndovu. Kumbe Mirambo alishatoka mapema, amejificha kwenye nyasi kando ya njia ya kurudia. Soud akafia hapo pamoja na wenzake wengi.

Wengi wangeridhika na ushindi huo. Mcheza poka asingeridhika. Karata za mezani zikiwa bado zinaweza kumkamilishia mpinzani mkono wake, ukitulia unampa karata inayofuata bure. Ukipandisha dau juu ya dau lake, ama anatupa karata, ama analipa sana ili aione. Na akilipa, nawe bado una karata unayoisubiri. Karata ya Waarabu ilikuwa pwani, kwa Sultani Barghash, kwenye askari na baruti. Mirambo hakusubiri ifike. Agosti 22 akaivamia Tabora yenyewe, akachoma sehemu ya mji, na Khamis bin Abdullah, mmoja wa vigogo wake, akauawa. Stanley ndiye aliyetupa karata: akaizunguka vita kwa njia ya kusini hadi Ujiji.

Ila kwenye poka zinazopotea ni fedha. Dau la Mirambo lilikuwa watu: vijiji vilivyoteketea, mateka, njaa.

Jeshi la Sultani lilikuja baadaye, likakaa, likaondoka bila kummaliza. Mwaka 1876 Stanley huyohuyo akachanjiana naye damu.

Halafu likaja kosa. Mwaka 1880, huko Mpimbwe, wapiganaji wa upande wake waliwaua Waingereza wawili, Carter na Cadenhead. Miaka yote alikuwa akiutaka urafiki wa balozi John Kirk wa Zanzibar, ili awaruke Waarabu wa Tabora na apate baruti moja kwa moja kutoka pwani. Mlango huo ukafungwa, na hakuwa na dau la kuufungua.

Alifariki Desemba 2, 1884. Mpandashalo akakaa kwenye kiti, lakini watemi waliomezwa wakaanza kujitoa mmoja baada ya mwingine, na ndani ya miaka michache himaya ilikuwa imebaki jina: Urambo.