Noor Inayat Khan: Binti mpole aliyebeba simu ya upepo mafichoni Paris

USIKU wa kuamkia Juni 17, 1943, ndege ndogo ya Uingereza ilitua gizani katika malisho nchini Ufaransa, nchi iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Aliteremka mwanamke mwembamba wa miaka 29, Noor Inayat Khan. Alikuwa mwanamke wa kwanza kutumwa huko na idara ya siri ya SOE kuendesha simu ya upepo.

Maisha yake ya awali hayakuashiria vita hata kidogo. Noor alizaliwa Moscow mnamo Januari 1, 1914. Babake, Inayat Khan, alikuwa mwanamuziki na mwalimu wa Kisufi kutoka India, wa kizazi cha Tipu Sultan wa Mysore aliyeuawa akipigana na Waingereza mwaka wa 1799. Mamake alikuwa Mmarekani. Alilelewa Suresnes, karibu na Paris, akasomea muziki na saikolojia ya watoto, kisha akawa mwandishi wa hadithi za watoto. Ufaransa iliposhindwa mwaka wa 1940, familia ilikimbilia Uingereza. Huko alijiunga na kikosi cha wanawake cha jeshi la angani, akafunzwa kupokea na kutuma alama za Morse.

Baadhi ya wakufunzi wa SOE walimwona hafai ujasusi: mwepesi wa hisia, mzito wa kusema uongo. Lakini waendeshaji walikuwa adimu, na Kifaransa alikizungumza kama mwenyeji.

Mtambo wa kazi hiyo ulitiwa ndani ya sanduku la kawaida la safari na kukaribia uzani wa kilo 15. Ulitumia mawimbi mafupi, ambayo hupaa hadi tabaka la juu la anga na kurudishwa ardhini mbali sana. Hivyo nguvu kidogo tu ya umeme ilitosha kufikisha ujumbe London. Adha yake ilikuwa antena, waya mrefu uliopaswa kutandazwa nje bila kuonekana. Isitoshe, magari ya Wajerumani yenye vifaa vya kunasa mawimbi yalizunguka mitaani, na kila dakika hewani iliwasogeza karibu na mlango wa mwendeshaji. Inasimuliwa kwamba siku moja askari wa Kijerumani alimsaidia Noor kutundika waya huo mtini, akidhani binti huyo anataka kusikiliza redio tu.

Siku chache baada ya kuwasili kwake, mtandao wa Prosper aliotumwa kuutumikia ulianza kusambaratika, wakuu wake wakakamatwa. London ilitaka arudi. Alikataa, kwani asingebaki mtu wa kuunganisha Paris na London. Kwa takriban miezi minne alihama nyumba hadi nyumba na sanduku lake, hadi aliposalitiwa na kukamatwa Oktoba.

Hapo ndipo kosa lake kubwa lilipodhihirika. Alikuwa amehifadhi daftarini nakala za jumbe alizotuma, labda kwa kutoelewa maagizo aliyopewa. Wajerumani walizitumia kujifanya Noor hewani, na London, iliyokuwa na kila sababu ya kushuku, ikaendelea kujibu. Mwishoni mwa Februari 1944 majasusi watatu, akiwemo Madeleine Damerment, walirushwa kwa miavuli wakapokewa na Gestapo.

Noor mwenyewe hakuwafichulia waliomhoji siri zake. Mnamo Novemba 1943 alijaribu kutoroka kupitia paa la jengo alimozuiliwa, akashikwa. Alipokataa kuahidi kwamba hatajaribu tena, alipelekwa gereza la Pforzheim, Ujerumani, akafungwa minyororo mikononi na miguuni kwa miezi kumi hivi.

Septemba 13, 1944, alipigwa risasi katika kambi ya Dachau pamoja na wanawake wenzake watatu. Mmoja wao alikuwa Damerment.

Uingereza ilimtunuku nishani ya George Cross mwaka wa 1949. Sanamu yake ilizinduliwa katika bustani ya Gordon Square, London, mnamo Novemba 2012, karibu na nyumba aliyoishi kabla ya kuabiri ndege ile.