Maisha ya Mohamed Amin, Mpiga Picha wa Afrika Mashariki



 Ni desturi ya gazeti letu kueleza kila mara maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki, ili sisi wazee tukumbuke na vijana wapate funzo. Safari hii wanakamati wameniomba mimi niandike, na kwa kuwa riziki yangu kwa miaka mingi imetoka katika kamera, nimeona si vibaya nikieleza habari za mtu wa kazi yangu. Huyu ni marehemu Mohamed Amin, ambaye wengi walizoea kumwita Mo.

Ninayo sababu ya kumchagua. Huku kwetu mtu akisema kazi yake ni kupiga picha, huulizwa tena, na kazi yenyewe hasa ni ipi? Watu huona ni kazi ya kungoja harusi, sherehe za jando, na picha ndogo za vitambulisho. Kwa hakika hizo nimezipiga nyingi, na watoto wangu wamesoma kwazo. Lakini vijana wetu wanaopenda kazi hii wanapaswa kujua inaweza kumfikisha mtu wapi, na inaweza kumgharimu nini.

Kwanza turudi nyuma kidogo. Mwaka 1906, wakati vita vya Maji Maji vilikuwa vimeacha majonzi katika Kusini nzima, alikuja huku Mjerumani mmoja, Karl Weule, wa jumba la makumbusho la Leipzig. Alipanda kutoka Lindi hadi Masasi, kisha akafika Newala juu ya uwanda wetu wa Makonde. Alikuwa na kamera, mashine ya kunasa sauti, hata mtambo wa kupigia picha za sinema. Aliwapiga picha babu na bibi zetu, ngoma zao, nyumba zao na ndonya zao. Kisha alifunga mizigo yake, akarudi nayo Ujerumani. Baadaye alitoa kitabu, na mpaka leo mtu anayetaka kuona sura za Wamakonde, Wayao na Wamakua wa siku zile hana budi kuanzia kwa kazi ya mgeni huyo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa muda mrefu. Mpiga picha alitoka mbali, akapiga, akaondoka na picha zake.

Mohamed Amin alikuwa wa namna nyingine. Alizaliwa hapa hapa Afrika Mashariki, katika mtaa wa Eastleigh mjini Nairobi, tarehe 29 Agosti, 1943. Wazazi wake walikuwa wa asili ya Bara Hindi, na baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Hawakuwa watu wa mali. Mohamed alipokuwa bado mtoto, familia ilihamia Dar es Salaam, na huko ndiko alikosoma na kukulia.

Akiwa na umri wa miaka 11 hivi alipata kamera iliyokwisha tumika, aina ya Box Brownie. Wenzangu wa rika langu wanaijua kamera hiyo. Ni kisanduku tu, chenye kioo mbele na kitufe pembeni. Haina mambo mengi, na kwa sababu hiyo humfundisha mtu jambo la msingi, yaani kusimama mahali panapofaa, jua likiwa upande unaofaa. Huko shuleni alijifunza pia kazi ya chumba cha giza, kusafisha filamu na kutoa picha kwenye karatasi. Kabla hajawa mtu mzima alikuwa amekwisha kuuza picha kwa magazeti.

Mwaka 1963, akiwa kijana wa miaka 20, alianzisha kampuni yake mwenyewe Dar es Salaam na kuiita Camerapix. Naomba vijana walitazame jambo hili vizuri. Angeweza kutafuta ajira katika gazeti moja, akapokea mshahara kila mwisho wa mwezi, na picha zote zikawa mali ya mwajiri. Yeye alichagua kuuza kazi yake kwa wengi, na filamu zilizobaki zikawa zake. Uamuzi huo alioufanya akiwa na miaka 20 ndio uliosababisha kazi yake isipotee baada ya kufa kwake.

Mwezi Januari, 1964, yalitokea Mapinduzi ya Zanzibar. Dar es Salaam ipo ng'ambo tu, na Mohamed Amin alikuwa miongoni mwa waliokwenda kupiga picha za matukio yale. Tangu hapo vyombo vya habari vya Ulaya vilianza kumjua. Lakini kazi ya kupiga picha za mambo ya serikali ina miiba yake. Mwaka 1966 alikamatwa na kuwekwa gerezani Zanzibar kwa muda wa karibu mwezi mmoja. Alipotoka aliondoka Tanzania, akahamia Nairobi pamoja na kampuni yake. Kwa hiyo sisi Watanzania tulimlea kijana huyu, kisha matunda yake wakayavuna wenzetu Wakenya. Hata hivyo hakuiacha nchi hii moyoni, maana baadaye alitengeneza kitabu kikubwa cha picha za Tanzania.

Yafaa nieleze kidogo jinsi kazi ilivyokuwa siku zile, kwa kuwa vijana wa leo hupiga picha kwa simu na kuituma kabla hawajamaliza chai. Wakati ule filamu ilikuwa ni kitu cha kushikika. Mpiga picha wa habari akishapiga, alifunga filamu katika kopo lisiloingiza mwanga, akaikimbiza uwanja wa ndege, ikapanda ndege kwenda London, na huko ndiko iliposafishwa. Picha nzuri iliyokosa ndege ya jioni, kesho yake haikuwa na mnunuzi. Sisi wa Kusini tuliionja shida hiyo kwa namna yetu. Filamu za rangi tulizituma Dar es Salaam kwa basi, na kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, safari yote ilitegemea kivuko cha mto Rufiji. Masika yakishika, bwana harusi aliweza kupata mtoto kabla hajaziona picha za harusi yake.

Mohamed Amin aliyaweza mambo yote mawili, kufika mapema na kutuma mapema. Tarehe 5 Julai, 1969, Tom Mboya alipopigwa risasi mjini Nairobi, Mohamed Amin alifika na kamera mapema kuliko wengine. Picha zake za siku hiyo ya msiba zilimpatia tuzo ya mpiga picha bora wa televisheni huko Uingereza. Alipiga pia habari za Uganda tangu Idi Amin alipotwaa madaraka mwezi Januari, 1971. Alikwenda Makka akapiga picha za Hija, na kitabu chake kuhusu safari hiyo kikatoka mwaka 1978. Mara nyingi alibeba kamera mbili, moja ya picha za kawaida na moja ya filamu, akizitumia kwa zamu. Anayejua uzito wa vyombo vya siku zile ataelewa hiyo ni kazi ya namna gani.

Sasa nifike kwenye kazi iliyomfanya ajulikane dunia nzima. Mwaka 1984 njaa kubwa iliwapiga watu wa Ethiopia, hasa majimbo ya Wollo na Tigray. Mvua zilikuwa zimekosekana, na papo hapo kulikuwa na vita kati ya serikali ya Mengistu Haile Mariam na wapiganaji wa kaskazini, hata chakula kilichokuwapo hakikuweza kufika. Watu walikuwa wakifa kwa wingi, lakini dunia haikuona. Mwezi Oktoba Mohamed Amin alipata kibali, akaenda pamoja na mtangazaji Michael Buerk wa BBC hadi Korem na Mekelle. Alfajiri, katika ukungu na baridi ya milimani, waliwakuta maelfu ya watu wamelala uwanjani, wengine wamekwisha kufa usiku ule.

Filamu hiyo ilionyeshwa Uingereza tarehe 23 Oktoba, 1984, kisha ikaonyeshwa na zaidi ya vituo 400 vya televisheni duniani. Mwanamuziki Bob Geldof aliiona nyumbani kwake, na mwisho wa mwaka ule aliwakusanya wanamuziki wenzake wakatoa wimbo wa kuchangia. Tarehe 13 Julai, 1985, lilifanyika tamasha kubwa la Live Aid katika miji ya London na Philadelphia kwa siku moja. Serikali zilizokuwa zikisitasita zilipeleka ndege na chakula. Mamia ya maelfu ya watu walikufa katika njaa ile, lakini wapo wengi waliopona kwa sababu mtu mmoja alisimama pale na kamera, wala hakugeuza uso.

Wapo wanaosema kwamba picha kama zile zimewafanya watu wa Ulaya waione Afrika kama nchi moja ya ombaomba. Hoja hiyo ina uzito, nami siipuuzi. Mtu aliyeonekana na ulimwengu mzima siku ya shida yake hakuulizwa kama anataka kuonekana hivyo, na wengi katika picha zile dunia haikupata kuyajua majina yao. Lakini mimi naona kosa si la picha peke yake. Mohamed Amin huyo huyo alitoa vitabu vingi vilivyoonyesha uzuri wa Afrika, watu wake, wanyama wake na maziwa yake. Waliochagua kukumbuka njaa tu ni watazamaji.

Kazi ilimdai zaidi. Mwezi Juni, 1991, siku chache baada ya serikali ya Mengistu kuanguka, ghala la risasi na mabomu lililipuka mjini Addis Ababa. Mohamed Amin alikwenda kupiga picha za moto ule, na mlipuko mwingine ukatokea. Mwenzake aliyeshika vyombo vya sauti, John Mathai, aliuawa pale pale. Mohamed Amin alikatika mkono wa kushoto. Ndugu, hebu fikirini mpiga picha asiye na mkono. Wengi wangetundika kamera ukutani na kuhesabu kwamba Mungu amesema basi. Yeye alikwenda Marekani, akatengenezewa mkono wa bandia, na haikupita muda mrefu akarudi kazini.

Mwisho wake ulikuja tarehe 23 Novemba, 1996. Alikuwa akirudi Nairobi kutoka Addis Ababa katika ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia. Vijana watatu waliiteka ndege hiyo na kumwamuru rubani, Leul Abate, aipeleke Australia. Rubani aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi, lakini hawakusikia. Mafuta yakaisha, na ndege ikaanguka baharini karibu na ufuko wa Ngazija, visiwani Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwamo, walikufa 125. Mohamed Amin alikuwa mmoja wao, na pia mwandishi Brian Tetley aliyeshirikiana naye katika vitabu vingi. Baadhi ya walionusurika walieleza kwamba katika dakika za mwisho Mohamed Amin alikuwa amesimama, akijaribu kuzungumza na watekaji. Alikuwa na miaka 53.

Aliacha nini? Aliacha familia, na mwanawe Salim aliendeleza kampuni. Aliacha vitabu vingi. Lakini kwangu mimi jambo kubwa ni kwamba aliacha ghala la picha na filamu lililopangwa, lenye mamilioni ya picha, likiwa Nairobi na si Ulaya. Mtu akitaka kuiona Afrika Mashariki ilivyokuwa ikipata uhuru, viongozi wake, vita vyake na sherehe zake, hahitaji kwenda kubisha hodi Leipzig. Picha zile zilikuwa na tarehe, zilikuwa na mahali, na zilitunzwa.

Hapa ndipo somo linapotugusa sisi. Katika kazi yangu nimeingia nyumba nyingi za Kitangari, Newala na Masasi, nikaonyeshwa picha za zamani zilizoliwa na mchwa, au zilizogandana kwa unyevu. Mara nyingi nimeuliza, huyu aliyesimama nyuma ni nani? Jibu ni kwamba aliyekuwa akijua alikufa mwaka jana. Uwanda wetu umeona mengi. Uliona wakimbizi wakivuka Ruvuma wakati wa vita vya ukombozi vya Msumbiji, uliona neema ya korosho na kuanguka kwake, uliona kina mama wakishuka mabondeni kutafuta maji na kupanda tena na ndoo kichwani. Picha za mambo hayo zipo, zimetawanyika katika masanduku yetu. Hakuna haja ya kungoja Weule mwingine.

Kwa hiyo ninayo maombi mawili, na kamati imekubali niyaandike. La kwanza, kila mmoja wetu atakayekuja kwenye mkutano wa mwaka huu aje na picha alizonazo za siku za shule. Tutazinakili pale pale, na kila mtu ataondoka na picha yake. La pili, kabla hujaja, keti na wazee wa nyumbani, geuza picha, uandike nyuma yake kwa penseli majina ya waliomo, mahali na mwaka. Msitumie kalamu ya wino, kwa sababu wino hupenya ukaiharibu sura.

Na kwa kijana yeyote wa shule yetu anayetamani kazi hii nasema, njoo. Si kazi ya waliokosa kazi. Mungu ailaze roho ya marehemu Mohamed Amin mahali pema peponi. Amina.