Jackson Haines, mcheza dansi aliyeingiza muziki kwenye barafu

Kwenye mashindano ya kwaya na ngoma huku kwetu Kasulu na Kibondo, ubishi mmoja haukosekani. Kikundi cha kwanza kimenyoosha mistari, nguo zimefanana, hakuna aliyekosea hatua. Kikundi cha pili kimekosea mahali, lakini watu wamesimama na akina mama wanapiga vigelegele. Majaji wampe nani ushindi? Swali kama hilo, kwenye mchezo ambao wengi wetu tumeuona kwenye simu tu, liliyaandama maisha ya Mmarekani Jackson Haines, aliyefariki mwaka 1875.

Mchezo wenyewe ni kuteleza juu ya barafu. Tusifikirie mvua ya mawe inayopiga mahindi yetu na kuyeyuka muda si mrefu. Katika nchi za kaskazini, wakati wa baridi kali, maji ya ziwa huganda juu yakawa magumu kama sakafu, na watu hupita hapo kwa miguu. Mchezaji huvaa kiatu chenye chuma chembamba chini yake, mfano wa kisu, kisha hujisukuma na kwenda. Aliyewahi kuendesha baiskeli kwenye udongo mwekundu baada ya mvua anaijua hofu yake. Tofauti ni kwamba hawa wenzetu wanateleza kwa makusudi.

Haines alikuwa mtu wa New York, na alijifunza dansi ya baleti, ile ya jukwaani ambayo mchezaji hueleza hadithi kwa mwili bila kusema neno. Hapo ndipo ugomvi wake na wataalamu ulipoanzia. Zama hizo, Marekani na Uingereza, kuteleza kulikuwa kazi ya kuchora. Chuma kikipita juu ya barafu huacha alama, na fundi alikuwa yule anayechora duara au nane, kisha akapita tena juu ya alama ileile bila kutoka nje. Mwili ulitakiwa kukaa wima na kukakamaa. Waamuzi waliinama kukagua mistari kwenye barafu; mchezaji mwenyewe alitazamwa kidogo tu.

Haines akaja na mikono iliyofunguka, magoti yanayokunjwa, miruko na mizunguko. Nyumbani wengi hawakumwelewa, wakaona analeta maigizo kwenye mchezo wa watu makini. Mwaka 1864, Marekani ikiwa bado kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, alipanda meli kwenda Ulaya, akaacha mke na watoto. Hilo hatulipiti kama jambo dogo. Sifa zote alizopata baadaye alizipatia mbali na familia yake.

Uingereza nako hawakumkubali. Mambo yalibadilika alipofika Vienna, mji mkuu wa Austria, ambako waltz, muziki wa dansi wa mapigo matatu, ulikuwa umewashika wakubwa kwa wadogo. Haines akafanya jambo ambalo leo tunaliona la kawaida kabisa: alipanga hatua zake zifuate muziki. Bendi ikipunguza mwendo, naye anapunguza. Ikipanda, naye anaruka. Watu wa Vienna, ambao hawakuhitaji kufundishwa dansi ni nini, walimpokea kwa shangwe.

Tusidhani alikuwa mtu wa madoido tu. Zamani vyuma vilifungwa kwenye viatu kwa mikanda, na mikanda hulegea mtu akiruka. Haines alikaza chuma moja kwa moja kwenye soli ya kiatu, kikawa kitu kimoja. Ndiye pia anayetajwa kuanzisha mzunguko wa kuchuchumaa: mchezaji anazunguka kama pia huku ameshuka chini kwa mguu mmoja, mwingine ameunyoosha mbele. Jaribu tu kuchuchumaa kwa mguu mmoja hapo ulipo, bila barafu, utaona.

Alizunguka miji ya Ulaya akicheza na kufundisha, akafika hadi kaskazini kabisa. Hakufikisha miaka 40. Ugonjwa wa mapafu ulimuua katika mji wa Kokkola, nchini Finland, na huko ndiko alikozikwa.

Wanafunzi wake wa Vienna waliendelea. Mwaka 1882 mji huo uliandaa mashindano ya kimataifa, na pamoja na michoro ya lazima, kila mchezaji alipewa dakika 4 za kucheza atakavyo mwenyewe. Chama cha kimataifa cha mchezo huo kikaundwa mwaka 1892. Marekani walichelewa: mashindano yao ya taifa ya kwanza kwa mtindo huo yalifanyika mwaka 1914, karibu miaka 40 baada ya kifo cha Haines. Ile michoro ya lazima iliondolewa kwenye mashindano ya kimataifa mwaka 1990.

Ubishi wenyewe haujaisha. Leo majaji wa barafu hutoa alama za miruko na mizunguko, halafu nyingine za mpangilio, uchezaji na namna mtu anavyoubeba muziki. Kijana anayezunguka mara 4 hewani kabla ya kutua huweza kumpita kwa mbali aliyecheza vizuri zaidi, na mashabiki hulalamika. Sisi tungewapa waliosimamisha watu, ingawa tunakiri kwamba hatujawahi kukalia kiti cha jaji.

Kule Kokkola, jiwe la kaburi la Haines linamtaja kuwa mfalme wa Marekani wa kuteleza kwenye barafu.