Filamu iliyomfungia Powell milango

MWONGOZAJI wa filamu wa Uingereza, Michael Powell, aliyezaliwa Kent mwaka 1905, alikuwa amejijengea heshima kubwa akiwa na mwenzake Emeric Pressburger, kabla ya kutoa Peeping Tom mwaka 1960.

Filamu hiyo inamhusu mpiga picha anayewaua wanawake huku akirekodi hofu yao. Kasoro zimo: mhusika mkuu, aliyekulia London, ana lafudhi ya Kijerumani isiyoelezwa. Hata hivyo, haichoshi kuitazama. Powell mwenyewe aliigiza baba katili, na mwanawe Columba akawa mtoto anayeteswa.

Wahakiki waliishambulia vikali, ikaondolewa mapema katika majumba ya sinema, na kazi zake nchini mwake zikadorora. Mwaka 1979 Martin Scorsese alisaidia kuirejesha kwa watazamaji, Powell akiwa bado hai. Alifariki dunia mwaka 1990.