Mwana wa Mwanza na Haki ya Uraia

Marehemu Amir Habib Jamal hukumbukwa zaidi kwa hotuba zake za bajeti. Leo tungependa kumkumbuka kwa jambo jingine: maisha yake yalikuwa kipimo cha sheria zetu za uraia, na kipimo hicho kinatuhusu mno sisi wa kando ya Ziwa.

Alizaliwa hapa Mwanza mwaka 1922, katika jamii yenye asili ya Bara Hindi. Alianza masomo papa hapa, akafika hadi Chuo Kikuu cha Calcutta. Alirejea katika nchi ambayo mkoloni aliigawa kwa rangi: shule, hospitali, mishahara, na hata kura. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 mpiga kura alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa uliotambuliwa. Tena alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Masharti hayo yalikuwa ya kudhalilisha. Hata hivyo mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958, uliamua kushiriki. Zuberi Mtemvu alipinga, akajitenga na kuunda chama chake. TANU iliwaunga mkono Waasia na Wazungu walioafiki madai ya Uhuru, na kwa njia hiyo Jamal akaingia Baraza la Kutunga Sheria.

Hapa pana jambo la kutafakari. Chama kilichompeleka barazani hakikuweza kumpa kadi, kwani uanachama wa TANU ulikuwa wa Waafrika peke yao hadi baada ya Uhuru. Jamal hakususa. Aliitumikia nchi kwanza, kadi ikaja baadaye.

Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, wabunge kadhaa walitaka uraia uwe wa Waafrika tu. Mwalimu Nyerere aliwakatalia, akawa radhi Serikali yake ijiuzulu kuliko kukubali. Sheria iliyopitishwa ilitazama mahali alipozaliwa mtu na mzazi wake, ikawapa wengine nafasi ya kujiandikisha, rangi haikuwamo. Lau hoja ile ingalishinda, Jamal angalikuwa mgeni katika mji aliozaliwa, nasi tungalimkosa mtu aliyeshika Wizara ya Fedha zaidi ya mara moja, na ambaye wananchi wa Morogoro walimfanya mbunge wao. Alifariki mwaka 1995 huko Kanada.

Katiba yetu ya 1977 inataka Rais awe raia wa kuzaliwa, na Mbunge awe raia aliyetimiza umri wa miaka 21. Ni masharti mazito, lakini hayataji kabila wala rangi. Ndugu zetu wa Ukerewe, Ukara na Kome wanajua kwamba Ziwa halina ukuta: watu huoana ng'ambo kwa ng'ambo, na lafudhi husafiri pamoja na mitumbwi. Ofisa anayemkatalia mvuvi haki yake kwa sababu ya jina au matamshi, asiulize alizaliwa wapi wala wazazi wake ni nani, anaifufua hoja iliyoshindwa mwaka 1961.

Mwenye shaka na afungue sheria, asisome uso wa mtu.