Robert Walpole: Waziri Mkuu wa kwanza aliyekana cheo chake

MWANAFUNZI wa lugha ya Kiingereza anayetaka kuielewa serikali ya Uingereza hukumbana mapema na kitendawili. Nchi hiyo haina katiba iliyoandikwa katika kitabu kimoja. Mfalme ndiye mkuu wa dola, lakini hatawali. Anayetawala ni Waziri Mkuu, ilhali hakuna sheria iliyowahi kupitishwa kuunda wadhifa wake. Njia nyepesi ya kukitegua kitendawili hicho ni kuyafuata maisha ya Sir Robert Walpole, ambaye wanahistoria humhesabu kuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uingereza.

Walpole alizaliwa Agosti 26, 1676, katika kijiji cha Houghton, jimbo la Norfolk, mashariki mwa Uingereza. Babake alikuwa mwenye mashamba na mbunge. Kijana huyo alisomea Eton, kisha King’s College katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na jamaa zake walitarajia awe kasisi. Kifo cha kakake mkubwa mnamo 1698 kilibadilisha yote. Aliacha masomo, akarejea nyumbani kujifunza usimamizi wa mashamba, na babake alipofariki mwaka wa 1700 akarithi mali. Mwaka uliofuata aliingia bungeni akiwa na umri wa miaka 24. Tangu 1702 alikiwakilisha kiti cha King’s Lynn karibu muda wote wa maisha yake ya siasa.

Bunge aliloingia lilikuwa limepata nguvu mpya. Mnamo 1688 mfalme James wa Pili alikuwa amekimbia nchi, na Sheria ya Haki ya mwaka wa 1689 ikaweka wazi kuwa mfalme hawezi kutoza kodi wala kuweka jeshi wakati wa amani bila idhini ya Bunge. Kuanzia hapo, kila mfalme alilazimika kuwaendea wabunge mwaka baada ya mwaka kuomba fedha. Mtu ambaye angeweza kumpatia mfalme fedha hizo bila vurugu bungeni angekuwa wa thamani kuliko jemadari yeyote. Walpole alilitambua jambo hilo mapema, akaliishi hadi mwisho.

Ni vyema mwanafunzi ajue Bunge hilo lilikuwa la namna gani. Lilikuwa na sehemu mbili, Bunge la Makabaila na Bunge la Makabwela. Licha ya jina lake, hili la pili halikuwa na makabwela. Wabunge wake walikuwa wenye mashamba, mawakili, maafisa wa jeshi na wafanyabiashara wakubwa. Wanawake hawakuwa na kura, na wanaume wengi vilevile. Vipo viti ambavyo wapigakura wake walihesabika kwa vidole, na tajiri mmoja aliweza kumteua mbunge amtakaye. Kasoro hizo zilianza kurekebishwa mwaka wa 1832, na wanawake walipata kura kwa masharti sawa na wanaume mnamo 1928.

Walpole alipanda ngazi kupitia chama cha Whig, na mwaka wa 1708 alikabidhiwa masuala ya utawala wa jeshi. Wapinzani wake wa chama cha Tory walipotwaa mamlaka, walimtuhumu kunufaika na zabuni za malisho ya farasi wa jeshi huko Uskoti. Januari 1712 Bunge lilimpata na hatia ya ufisadi, likamfukuza, naye akafungwa miezi kadhaa katika Mnara wa London. Badala ya kumzika kisiasa, kifungo hicho kilimpa umaarufu. Wakuu wa chama chake walimiminika gerezani kumwona, na mwaka uliofuata alikuwa bungeni tena.

Malkia Anne alipofariki mwaka wa 1714, kiti cha enzi kilimwendea George wa Kwanza, mtawala wa Hanover nchini Ujerumani. Kiingereza cha mfalme huyo kilikuwa haba, na mara nyingi alizungumza na mawaziri wake kwa Kifaransa. Aliipenda Hanover na kuitembelea mara kwa mara. Kuanzia mwaka wa 1717 hivi aliacha kuhudhuria vikao vya mawaziri. Kiti cha mwenyekiti kikabaki wazi, na ilikuwa lazima mmoja wa mawaziri akikalie.

Nafasi ya Walpole ilikuja kwa njia ya maafa. Kampuni ya Bahari ya Kusini ilikuwa imeundwa mwaka wa 1711, na miongoni mwa shughuli zake ilikuwa kuwapeleka Waafrika utumwani katika makoloni ya Uhispania huko Amerika. Mnamo 1720 ilikubaliwa kuchukua sehemu kubwa ya deni la taifa, na watu wakakimbilia kununua hisa zake. Hisa iliyouzwa takriban pauni 128 mwezi wa Januari ilikaribia pauni 1,000 msimu wa kiangazi. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imeporomoka hadi chini ya pauni 200. Familia nyingi zilifilisika. Ilibainika kuwa baadhi ya mawaziri walikuwa wamehongwa kwa hisa, na Waziri wa Fedha, John Aislabie, akatiwa katika Mnara wa London.

Aprili 1721 Walpole aliteuliwa kuwa Lodi wa Kwanza wa Hazina. Alirejesha imani katika fedha za serikali, lakini pia aliwakinga wakubwa kadhaa waliostahili kuulizwa maswali, jambo ambalo wananchi walioumia hawakulisahau. Kwa kufanya hivyo alijipatia shukrani za ikulu na za wenzake chamani.

Alidumu mamlakani kwa karibu miaka 21, muda ambao hakuna Waziri Mkuu mwingine wa Uingereza aliyeufikia. Nguzo zake zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa umahiri. Alizielewa hesabu za nchi kuliko mwenzake yeyote, akapunguza kodi ya ardhi hadi shilingi moja kwa kila pauni mwaka wa 1732, na kwa miaka mingi akaiepusha nchi na vita vya Ulaya. Alikataa kuwa kabaila ili abaki katika Bunge la Makabwela, mahali fedha zilikoamuliwa. Nguzo ya pili ilikuwa upendeleo. Vyeo, pensheni na kandarasi viliwaendea waliompigia kura, na waliomwasi waliachishwa kazi.

George wa Kwanza alipofariki mwaka wa 1727, wengi walidhani siku za Walpole zimekwisha, maana mfalme mpya, George wa Pili, alimpendelea mtu mwingine. Walpole alikuwa na rafiki wa dhati, Malkia Caroline, na alijua la kufanya bungeni. Aliwashawishi wabunge waidhinishe pauni 800,000 kwa mwaka kwa matumizi ya ikulu. Mfalme akabadilisha nia.

Uhusiano wake na wanahabari na wasanii ni funzo kwa kila mpenda uhuru wa maoni. Gazeti la The Craftsman, lililoanzishwa na wapinzani wake mwaka wa 1726, lilimshambulia bila kuchoka. Naye alitumia fedha za umma kuyafadhili magazeti yaliyomsifu. Kamati ya Bunge iliyomchunguza baadaye iligundua kuwa zaidi ya pauni 50,000 zilitumika hivyo katika muda wa miaka 10. Michezo ya kuigiza ilipozidi kumkejeli, serikali yake ilipitisha sheria mwaka wa 1737 iliyotaka kila mchezo mpya ukaguliwe kabla ya kuigizwa. Mwandishi Henry Fielding aliacha jukwaa na kugeukia riwaya. Udhibiti huo haukuondolewa hadi mwaka wa 1968.

Hata hivyo, nguvu zake zilikuwa na mpaka. Mnamo 1733 alipendekeza ushuru wa tumbaku na mvinyo utozwe katika maghala ya ndani ya nchi ili kukomesha magendo. Wananchi walihofia kuvamiwa na wakaguzi majumbani mwao, ghasia zikazuka, na wabunge wake wakaanza kumponyoka. Alipoona idadi ya kura zake ikipungua, aliuondoa mswada huo mwenyewe.

Mfalme alipompa nyumba nambari 10, barabara ya Downing, Walpole aliomba iwe makao ya yeyote atakayeshikilia wadhifa wa Lodi wa Kwanza wa Hazina. Alihamia humo mwaka wa 1735. Hadi leo mlango wa nyumba hiyo una cheo hicho cha Hazina, wala hauna maneno Waziri Mkuu. Enzi hizo maneno hayo yalikuwa tusi, kwa maana ya mtu anayejikweza juu ya wenzake na kumpora mfalme mamlaka. Mwaka wa 1741 wapinzani walipowasilisha hoja ya kutaka afutwe kazi, Walpole alikana bungeni kwamba alikuwa na cheo kama hicho.

Anguko lake lilikuwa karibu. Malkia Caroline alikuwa amefariki mwaka wa 1737. Miaka miwili baadaye Walpole alisukumwa kuingia katika vita na Uhispania ambavyo hakuvitaka. Uchaguzi wa 1741 ulimpunguzia wafuasi, na mapema mwaka wa 1742 alishindwa katika kura iliyohusu kesi ya uchaguzi wa Chippenham. Mfalme bado alimtaka. Hakuna sheria iliyomlazimisha kuondoka. Lakini alijua kuwa asiyeweza kuliongoza Bunge hawezi kuitumikia ikulu, akajiuzulu mwezi wa Februari. Alipewa ukabaila wa Orford, uchunguzi dhidi yake ukakwama, naye akafariki Machi 18, 1745, akizikwa kwao Houghton.

Kujiuzulu huko kulisaidia kujenga desturi ambayo Uingereza inaifuata hadi leo. Machi 1979 serikali ya James Callaghan ilianguka kwa kura 311 dhidi ya 310. Cheo cha Waziri Mkuu hakikutambuliwa rasmi katika itifaki ya dola hadi mwaka wa 1905, na kilitajwa katika sheria kwa mara ya kwanza mnamo 1917.

Sisi Kenya tulikipokea cheo hicho kupitia maandishi. Jomo Kenyatta alikuwa Waziri Mkuu tangu Juni 1, 1963, hadi nchi ilipokuwa jamhuri Desemba 12, 1964. Raila Odinga alikishikilia kuanzia 2008 hadi 2013, chini ya sheria iliyotokana na mkataba wa amani. Kwetu kalamu ilikiweka na kalamu ikakiondoa. Kwa Waingereza, kilikua polepole mikononi mwa mtu aliyejua bei ya wabunge wengi, na ambaye siku kura zilipomkataa, alifungasha akaenda zake.